Mko wangapi hapa nyumbani?

Haya ndiyo niliyowaambia viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za parokia yetu hapa Njombe, siku ya semina ya mwaka. Mvua iliharibu barabara za vigango vya juu na wengi hawakufika. Wameniomba niyaandike yote kama nilivyoyasema.

Tumsifu Yesu Kristo!

Kamwene!

Baba Paroko, masista wetu, wenyeviti na makatibu wa jumuiya, mama zangu wa WAWATA, baba zangu wa UWAKA, vijana wangu wa VIWAWA, na ninyi watoto wa Utoto Mtakatifu mliokaa kwenye mkeka hapa mbele: asanteni kwa kunipa nafasi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, kwa hiyo mtanivumilia nikiuliza maswali. La kwanza ni jepesi kabisa. Nyumbani kwako mko wangapi?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikakosea.

Ilikuwa mwaka 2003, zamu ya jumuiya kusali kwangu. Mnajua zamu inavyokuwa. Ijumaa jioni unadeki, unaazima viti kwa jirani, unatandika kitambaa cheupe juu ya meza ndogo, unaweka msalaba na mishumaa miwili. Jumamosi saa 12 asubuhi watu wakaingia, ukungu bado umelala bondeni. Tukasali rozari, tukasoma Injili ya Jumapili, tukashirikishana. Mwishoni katibu akafungua daftari, kwa sababu Paroko wa wakati ule alitaka orodha mpya ya waamini, nyumba kwa nyumba. Akaniuliza, "Mwalimu, mko wangapi hapa nyumbani?"

Nikasema, "Watano."

Mimi, mume wangu na watoto wetu watatu. Katibu akaandika majina matano, akapiga mstari, akafunga daftari.

Wakati nasema "watano", kuna mtu alikuwa amesimama nyuma yangu na chupa ya chai mkononi. Ni yeye aliyedeki ile Ijumaa. Ni yeye aliyeamka saa 10 usiku kuchemsha viazi vya wageni. Alikuwa binti wa miaka 16 kutoka Ludewa, amebatizwa, amepokea Komunyo ya Kwanza, na alikuwa amekaa kwangu mwaka mmoja na miezi saba. Akamimina chai, akaanza na wazee kama alivyofundishwa, akarudi jikoni.

Miezi ikapita. Mafundisho ya Kipaimara yakatangazwa, naye akaenda kujiandikisha bila kuniambia. Katekista akamuuliza, "Jumuiya gani?" Akataja jumuiya yetu. Katekista akapekua daftari juu mpaka chini, jina halimo. Akamwambia alete barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti naye akasema, "Binti, mimi sikufahamu." Mwenyekiti yule alikuwa amekunywa chai ya mkono wake.

Mimi nilikuja kusikia baada ya wiki tatu, tena kwa jirani. Nikamwita, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Mama, nilidhani mimi siyo wa hapa."

Ndugu zangu, wakati huo nilikuwa msomaji kanisani. Kila mwezi napanda mimbarini, nasoma Neno la Bwana, natamka vizuri, watu wananisifu sauti. Na ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtoto wa Mungu aliyedhani siyo wa hapa.

Aliyatoa wapi mawazo hayo? Nilimpa mimi. Sikumpiga, sikumtukana, mshahara nilimlipa. Lakini alikula akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni sisi tukiwa mezani. Usiku tulipopiga magoti sebuleni kusali sala ya familia, yeye alikuwa anaosha vyombo. Nilimsikia. Miaka ile yote nimesali Salamu Maria huku nyuma yake kunalia masufuria, na sikuwahi kusema, "Acha hivyo vyombo, njoo."

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani. Tunalipenda neno hilo, tunaliimba kwenye kila harusi. Sasa niwaulize: Kanisa lako la nyumbani lina milango mingapi? Lina mlango wa mbele wa wabatizwa na mlango wa nyuma wa wabatizwa wengine?

Na sisi watu wa Njombe na Iringa suala hili linatuhusu kuliko watu wote. Ni mabinti zetu wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu. Kila mmoja hapa ana mdogo wake, ana shangazi yake, ana binti wa kaka yake aliyepita njia hiyo. Simu ikija kwamba mtoto wetu hajalipwa miezi minne, tunalia. Tukisikia analala sakafuni, tunalia. Tukisikia Jumapili hapewi ruhusa ya kwenda misa, tunalia na kulaani. Tuna haki. Lakini huyu aliye jikoni kwako ni binti wa nani? Analala wapi? Jumapili anakwenda misa ipi, au anabaki kupika pilau la ninyi mtakaporudi mmeshiba Neno?

Akina baba nisije nikawaacha mkadhani mada hii ni ya jikoni tu. Kuna baba anayeongoza rozari kwa jirani kwa sauti ya upole kabisa. Kwake, watoto wakisikia buti zake barazani, kicheko kinakatika kama taa. Mkewe anaujua mwendo wake: huu ni wa pombe ya ulanzi, huu siyo wa ulanzi. Baba, watu wa jumuiya wakitaka kujua imani yako, wasimuulize Paroko. Wawaulize wale wanaosikia buti zako. Sitaendelea hapo, mmenielewa.

Twende sokoni.

Hakuna mtu humu asiyejua lumbesa. Gunia la viazi limejaa, lakini halifungwi hapo, linashonewa kichwa cha kamba juu yake, linajazwa tena mpaka linavimba. Unauza gunia moja, lori linaondoka na gunia moja na nusu. Sheria inakataza, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo miaka nenda miaka rudi. Bado lumbesa ipo. Mkulima ameinama msimu mzima kwenye baridi ya Julai, mbolea amekopa, halafu mtu anakuja na sindano na kamba anamnyang'anya nusu gunia mchana kweupe. Kitabu cha Mithali kinasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Chukizo! Siyo kosa dogo la kibiashara. Kwa hiyo tukiidai mizani, tukipeleka malalamiko halmashauri, tukikataa kwa pamoja kama kijiji kizima kuuza kwa lumbesa, msimwache mtu awaambie kwamba hiyo ni siasa na Mkristo asali tu. Hiyo nayo ni sala.

Lakini leo tuko sisi kwa sisi, dalali hayumo. Basi niulize. Chini ya gunia mnaweka nini?

Mbona kimya?

Juu tunapanga viazi vikubwa, vyeupe, vinang'aa. Katikati vya wastani. Chini kabisa tunatia vile vidogo kama goroli, tunatia vilivyokatwa na jembe, tunatia vile vilivyopigwa na jua vikageuka kijani, vile ambavyo hakuna mama wa Njombe anayeweza kumpikia mtoto wake kwa sababu anajua ni vichungu na vina sumu. Vinakwenda kuliwa na mtoto wa mama mwingine, Kariakoo, Mbagala, huko mbali, hatumjui. Wanatuibia juu ya gunia, nasi tunawaibia chini ya gunia. Halafu wote tunakutana kwenye foleni ya Komunyo.

Mama zangu wa gengeni, ninyi mna sado, lile kopo la kupimia. Ile sado iliyogongwa kitako kikaingia ndani, mnaijua. Na sisi tunaoajiri vibarua wa palizi: "Nitakulipa tukiuza." Tumeuza, tumenunua bati, kibarua bado anaambiwa kesho. Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tunaimba kwaya kwa nguvu, lakini kuna sauti nyingine inamfikia Mungu kutoka shambani kwako, na hiyo haihitaji kipaza sauti.

Kuna baba mmoja wa jumuiya yetu, amenipa ruhusa nisimulie bila jina. Aliuza magunia 12. Chini ya kila gunia aliweka "vya kijani", kama alivyofundishwa na baba yake, kama wote. Lori likaondoka. Wiki ile Injili tuliyosoma jumuiya ilikuwa ya Zakayo. Tulipofika kwenye kushirikishana, watu wakasema yale tunayosema siku zote: Zakayo alikuwa mfupi, Zakayo alipanda mti, nasi tupande juu tumwone Yesu. Yeye akakaa kimya. Mwishoni akasema, "Mimi naona Zakayo alirudisha hela." Basi. Akanyamaza.

Jioni akampigia mnunuzi simu. Mnunuzi aliposikia mtu anasema "nataka kukurudishia pesa" alimwona tapeli, akakata. Akapiga tena, akakatiwa. Akapiga hesabu ya vile viazi vibovu, akatuma shilingi 60,000 kwa simu na ujumbe wa maneno machache. Mkewe alikasirika, nami sikumlaumu, ada ya mtoto ilikuwa bado.

Natamani niwaambie kwamba mnunuzi alishangaa, akarudi msimu uliofuata, akanunua kwake kwa bei nzuri. Hakurudi. Hakujibu hata ule ujumbe. Baba yule hakupata hata senti kwa uaminifu wake. Nawaambia hivyo kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kushuhudia kwamba ukifanya mema Mungu anakulipa gari. Yeye hakulipwa kitu. Ila msimu uliofuata nilipita shambani kwake nikamkuta mwanawe wa darasa la sita anachambua viazi peke yake. Vya kijani alikuwa anavirusha pembeni, kwenye lundo la mbolea. Nikamuuliza nani kakuambia uvitupe? Akanishangaa mimi. "Mwalimu, hivi si havifai?"

Sasa nataka tuzungumze juu ya jumuiya zenyewe, kwa sababu ninyi ndio viongozi wake.

Wengine mnadhani jumuiya ni mpango wa Paroko wa kukusanya zaka na mchango wa Tegemeza Jimbo. Hapana. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikaa Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Kanisa huku kwetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, watu wanaojuana, majirani. Na hawakubuni kitu kigeni. Tazameni Uganda. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 wakalazimika kuondoka, wakarudi mwaka 1885. Karibu miaka 3 bila padre, bila misa, bila kitubio. Wakiondoka waliacha kikundi cha watu wapya katika imani, wengine hawajabatizwa. Waliporudi walitarajia kukuta nini? Wakakuta waamini wameongezeka!

Nani alifanya kazi hiyo? Watu wa nyumbani. Huko Mityana kulikuwa na Mathias Mulumba, kulikuwa na Luka Banabakintu, kulikuwa na Nuhu Mawaggali ambaye kazi yake ilikuwa ufinyanzi, anafinyanga vyungu. Walisali pamoja, walifundishana, na misheni ilipofunguliwa tena walitembea kwa miguu mpaka kule, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao. Mulumba alikuwa mtu mwenye cheo na wake wengi kwa desturi ya wakati wake. Alipobatizwa alibaki na mke mmoja, na wale wengine hakuwatupa, aliwatafutia matunzo. Mwaka 1886 waliuawa, na mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI akawatangaza watakatifu pamoja na wenzao. Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka kwa namna walivyokufa. Mimi nawaomba mwaka huu muwakumbuke kwa namna walivyokaa na majirani zao kabla ya kufa. Mfinyanzi! Siku za kazi anauza vyungu, na watu wanamjua kwa vyungu vyake.

Hiyo ndiyo jumuiya. Sasa yetu.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu mnalijua, na wengine mnalisikia leo. Mume wangu alifariki mwaka 2008. Mwaka 2009 nilipima, nikakutwa na virusi vya UKIMWI, nikaanza dawa. Dawa zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini tangu mwaka 2004, namshukuru Mungu na wote waliozileta. Mkoa wetu tunajua hali yake. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta watu 14.8 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Njombe wanaishi na virusi, wakati kitaifa ilikuwa 5.1. Maana yake nini? Maana yake katika chumba kama hiki, hesabuni viti.

Lakini nilificha. Zahanati ya jirani sikwenda, nilipanda basi la alfajiri mpaka wilaya nyingine, nikajitanda kitenge mpaka machoni, nikakaa kwenye benchi la kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na virusi, nikiangalia sakafu. Miezi sita hivyo. Siku moja nikasikia mtu anakohoa pembeni yangu, kikohozi ninachokijua. Nikageuka. Alikuwa mhazini wa jumuiya yetu. Tukatazamana. Kabla hatujasema neno, mlango wa daktari ukafunguliwa akatoka mama mwingine, naye wa jumuiya yetu, amekumbatia mfuko wa dawa kifuani. Mchana kituo cha basi tukamkuta wa nne.

Watu wanne wa jumuiya moja. Kila Jumamosi tunasali pamoja. Kila Jumamosi mwenye kuongoza anasema, "Tuwaombee wagonjwa," nasi tunaitika kwa sauti moja, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Wagonjwa ni sisi! Tumekaa kwenye viti vile vile, tunajiombea kana kwamba tunawaombea watu wa nchi nyingine. Na kila mmoja wetu alikuwa ametumia nauli na siku nzima ya kazi ili mwenzake asimwone.

Kwa nini tulifichana? Semeni. Kwa sababu tulisikia yaliyosemwa juu ya wengine. Ndani ya jumuiya ile ile, baada ya sala, chai ikiwa mkononi: "Yule naye kakonda, si mnajua?" Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo. Nililisema mwaka 2005, na mwaka 2009 neno langu likanifukuza mpaka wilaya nyingine.

Siku ile kwenye basi tulirudi tumekaa viti vya nyuma, hatukuongea mpaka tulipofika kwenye mashamba ya chai. Hapo mhazini akaanza kulia, nasi tukalia, konda akadhani tumetoka msibani. Tulipofika stendi tulikuwa tumekubaliana. Tuhamie zahanati ya hapa, twende pamoja, bodaboda tuchangie. Na Jumamosi tuseme. Mmoja hakuwa tayari kusema, tukamwacha. Hata leo sijamtaja wala sitamtaja. Sisi watatu tulisema, mkononi tumeshika rozari ili mikono isitetemeke.

Wawili waliacha kuja jumuiya kwa sababu yetu. Hilo siwafichi. Lakini mwezi uliofuata wakatufuata watu wengine watano, mmoja mmoja, usiku, mlango wa nyuma. Na mama mmoja mzee sana, asiyejua kusoma, akaanza kuniletea maziwa kila jioni ya siku ninayotoka kliniki. Hakuwahi kusema ni ya nini. Anaweka kibuyu mlangoni, anasema, "Haya, Mwalimu, lala salama."

Niongeze moja tu la ujane, kwa sababu wajane humu ndani ni wengi. Mume wangu alipozikwa, siku ya nne baada ya matanga shemeji zangu walikuja na kamba ya kupimia shamba. Waliipima sehemu ya mto wakiwa wananiona. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, lakini mjane wa siku nne anajua sheria gani? Kikao cha ukoo kikakaa. Akaja mzee mmoja wa jumuiya, hana ukoo na sisi, akaomba kigoda, akakaa. Hakufungua Biblia. Akamtazama shemeji yangu mkubwa, akasema, "Mwanangu, juzi ulibeba msalaba mbele ya jeneza la kaka yako. Leo umeshika kamba. Mkono ni ule ule?"

Shemeji hakujibu. Lakini kamba iliviringwa. Lile shamba la mto ndilo lililosomesha watoto wangu, nami kila mwaka nikivuna nampelekea yule mzee debe la kwanza, na tangu afariki nampelekea mjane wake. Wenyeviti, nawauliza ninyi: akifiwa mtu kwenye jumuiya yako, mnakwenda na rozari na rambirambi, vizuri sana. Siku ya nne nani anakwenda? Siku ile ya kamba, nani anaomba kigoda?

Nimebakiza dakika chache, Baba Paroko ananionyesha saa. Sikuja na mpango mkubwa. Nimekuja na ombi moja kwa makatibu. Jumamosi hii, baada ya sala, fungueni daftari upya. Msiulize "familia hii ina watu wangapi". Ulizeni, "Jana usiku wamelala wangapi hapa?" Mwandikeni binti wa kazi kwa majina yake yote matatu. Mwandikeni kijana wa kuchunga ng'ombe. Mwandikeni bibi aliyehamishiwa chumba cha nje, na mjukuu asiye na wazazi, na yule kibarua aliyepanga chumba cha uani ambaye mnamwita "yule wa Makete" kana kwamba hakuzaliwa na jina. Akiwa wa dhehebu jingine au Mwislamu, andikeni pembeni kwamba ni jirani, maana akiumwa usiku mtagonga mlango huo huo.

Yule binti wa Ludewa alipata Kipaimara mwaka uliofuata. Nilikwenda mwenyewe kwa katibu, nikamwomba afungue ukurasa wangu, nikamwambia niliposema watano nilisema uongo. Akaandika jina la sita chini ya ule mstari aliokuwa ameupiga, kwa kalamu ya rangi nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeisha wino. Daftari hilo ninalo, hili hapa. Mkitaka kuliona mje mbele baadaye.

Jumuiya yetu sisi Jumamosi hii iko kwa yule bibi mwenye wajukuu watano, nyumba ya mwisho kabla hujashuka mtoni. Paa lake linavuja upande wa jikoni, kwa hiyo baba zangu mje na nyundo na misumari ya bati. Saa 12 kamili asubuhi. Mama zangu, kila mmoja mzigo mmoja wa kuni, kwa sababu safari hii chai tunachemsha sisi, bibi akae.

Tumsifu Yesu Kristo.